Mbwa wa lupango anakula nini? Bukari peke yake haitoshi

Mu makambi na mu makartie ya Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, lupango yenye haina mbwa ni chache. Papa akienda ku posti ya usiku, mama anabaki na watoto, na mulango mara nyingi ni wa bati tu. Mbwa njo askari wa nyumba. Lakini tukiuliza huyu askari analipwa nini, jibu ni moja kila fasi: kile kinabakia mu chungu. Kama hakuna kitu kilibakia, analala njaa, na asubuhi tunashangaa kumuona ku shimo la takataka.

Ndugu wafanyakazi, na ninyi banamama, tunajua wengine watacheka: leo sendika inaanza kuongea maneno ya mbwa? Ndiyo, na tuko na sababu tatu. Ya kwanza, mutu anayefanya kazi ya usiku bila kula hafanyi kazi muzuri. Sisi tunalijua hilo kuliko wote, na kwa mbwa ni vilevile. Ya pili, mbwa mwenye njaa anazunguka, anapigana, anauma mutoto wa jirani, na kichaa cha mbwa hakina dawa kisha alama zake kuonekana. Ya tatu njo kubwa zaidi: mbwa anakula ku mufuko ule ule wa unga tunaokula sisi. Tukichunguza sahani yake, tunachunguza sahani ya watoto wetu.

Mbwa si simba, tena si mbuzi

Kuna wale wanasema mbwa anaomba nyama tu, na kwa sababu nyama ni bei kali, basi hakuna la kufanya. Hiyo si kweli. Kwa maelfu ya miaka mbwa ameishi karibu na mutu, akila mabaki ya mutu, na mwili wake ulibadilika. Mu mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala, kule Sweden, walionyesha ku damu ya mbwa alama inayosaidia kuyeyusha chakula cha wanga, sawa mahindi na muhogo. Imbwa ya pori, ile ya Wazungu inayoitwa loup, iko na alama hiyo mara 2 tu. Mbwa wa nyumbani iko nayo toka mara 4 mpaka 30. Kwa hiyo bukari haimuui mbwa. Anaweza kuila na kupata nguvu.

Lakini nguvu si mwili. Bukari inatia mbwa joto na mbio, haijengi nyama wala mufupa. Tunaona vile kwa watoto: mutoto anayekula bukari asubuhi na mangaribi bila samaki, bila maharagi, bila yai, tumbo linavimba, nywele zinakuwa nyekundu, miguu inavimba. Sisi wote tunajua jina la ugonjwa huo, kwashiorkor, ile wengine wanaita bwaki. Mbwa mudogo anayelelewa na bukari tupu naye anaonyesha: manyoya makavu yanayoanguka, mbavu zinazohesabika, miguu ya mbele iliyopinda, tumbo kubwa. Watu wanasema ni minyoo. Mara nyingi minyoo iko, lakini njaa ya protini iko pale pamoja nayo.

Tena kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mutu anapata vitamini D ku jua. Mbwa hapana: ngozi yake haitengenezi ya kutosha hata akilala ku jua siku nzima. Anapaswa kuipata mu chakula. Samaki, maini na yai njo vinamupatia.

Chakula cha siku moja

Tuseme muko na mbwa wa kwetu wa kawaida, kilo 15. Kumupima si kazi: panda ku balansi na mbwa mu mikono, kisha panda peke yako, toa. Mbwa wa uzito huo, mukubwa, mwenye kutembea kidogo, anaomba karibu kilokalori 850 kwa siku. Hii hapa njia moja ya kuzipata na vitu vya ku soko yetu:

Unga wa mahindi gramu 150, ni kusema kopo moja ya chai iliyojaa. Ndakala kavu gramu 70, kama mikono miwili. Mafuta kijiko kimoja cha supu. Majani kidogo ya matembele ao ya maboke, yaliyopikwa.

Osha ndakala mu maji mara mbili ili mchanga na chumvi vitoke. Zichemshe na majani, tia mafuta, kisha songa unga ndani, laini kidogo kuliko bukari ya watu. Usitie chumvi, usitie kitunguu, usitie pilipili. Acha ipoe. Gawa mara mbili, asubuhi na mangaribi, na pembeni weka maji safi.

Kwa nini ndakala na si kitu kingine? Kwa sababu anakula samaki muzima, na kichwa na mifupa. Ile mifupa midogo na laini njo inamupatia kalisiamu. Mutu anayempa mbwa nyama ya fileti peke yake, bila mufupa, anamuharibu vilevile, maana nyama iko na fosfori nyingi na kalisiamu kidogo sana. Mwili unaenda kuchukua kalisiamu ku mifupa ya mbwa mwenyewe, na mifupa inakuwa laini. Kwa hiyo yule tajiri mwenye kumupatia mbwa wake nyama tupu na yule masikini mwenye kumupatia bukari tupu, wote wawili wanaweza kulea mbwa mwenye miguu ya kupinda.

Ndakala zikipanda bei, kuna njia zingine. Maharagi yaliyopikwa mpaka yakaiva sana, na yai moja juu yake. Vichwa vya samaki tomsoni vilivyochemshwa, mukitosha mifupa mikubwa. Mapafu, matumbo na mabaki ya buchari, yaliyopikwa. Usimutupie mbichi, juu minyoo ya tegu inapitia pale, inaingia mu mbwa na kutoka kwa mbwa inaingia mu mutoto anayecheza naye. Maini kidogo, mara moja ku juma, si kila siku. Samaki wa chumvi, makayabo, si muzuri. Kama hakuna kingine, alale mu maji usiku muzima, na maji yale yamwagwe.

Sombe? Inawezekana, kama imepondwa na kupikwa muda murefu sawa vile tunafanyaka siye wenyewe. Lakini maganda mabichi ya muhogo mukali, hapana: yako na sumu ile ile inayoua mbuzi.

Mutoto, mama, muzee

Hakuna chakula kimoja cha mbwa wote, sawa vile mutoto wa mwezi sita hali chakula cha mwenye kuchimba.

Mbwa mudogo anaanza kuonja chakula laini akifika majuma 3 ao 4, na akifika majuma 7 ao 8 anaweza kuachishwa maziwa. Ndiyo maana kununua mbwa wa majuma 4 ku barabara, eti ni bei nafuu, ni hasara: anafika nyumbani hajui kula, anaharisha, anakufa. Kisha kuachishwa, mupatie mara 4 kwa siku mpaka miezi 3, mara 3 mpaka miezi 6, kisha mara 2. Kila sahani iwe na samaki ao yai. Hapa si fasi ya kubana. Kile mbwa anakosa akiwa mudogo, hakirudi tena.

Mbwa jike mwenye mimba hana lazima ya kula sana mwanzoni, lakini akizaa na kunyonyesha, ku juma la tatu na la nne anaweza kuomba mara 2 mpaka mara 3 ya chakula chake cha kawaida. Mukiona mama mbwa amekuwa mifupa tupu na watoto wanalia usiku, si uchawi. Ni sahani ndogo.

Maziwa ya unga? Mbwa wengi wakubwa hawawezi kuyeyusha sukari ya maziwa, wanaharisha. Pesa ile ni heri ikae kwa mutoto wa mutu.

Muzee, yeye, meno yanakwisha. Chakula kiwe laini, na samaki isipunguzwe, maana nyama ya mwili wake inakwisha upesi.

Krokete za mu magazini

Siku hizi, mu magazini ya Lubumbashi na Kolwezi, mifuko ya krokete imejaa, na mufanyakazi anayepata bonus anataka kumununulia mbwa wake. Hatusemi ni vibaya. Krokete nzuri iko na kila kitu ndani, na haiombi makala ya kupika. Lakini mufuko unaongea, tuusikilize kabla ya kulipa.

Tafuta maneno mawili ya kifaransa. Kama imeandikwa « aliment complet », mbwa anaweza kuishi na chakula hicho peke yake. Kama imeandikwa « aliment complémentaire », ni cha kuongeza tu, hakitoshi. Kisha angalia kama ni « chiot » ao « adulte »: ya kwanza ni ya mbwa mudogo, ya pili ya mukubwa. Soma orodha ya vitu: kinachotajwa kwanza njo kile kilichotiwa kwa uzito mukubwa kuliko vyote. Na angalia tarehe ya mwisho.

Hesabu ya bei ni hii. Mbwa wa kilo 15 anakula karibu gramu 250 za krokete kwa siku. Mufuko wa kilo 10 unamufikisha siku 40. Chukua bei ya mufuko, igawe kwa 40. Hapo munajua mbwa anakula franka ngapi kila siku. Linganisha na kopo ya unga na mikono miwili ya ndakala. Mu nyumba nyingi, chungu kitashinda. Mu nyumba yenye papa na mama wote wanatoka asubuhi na kurudi usiku, krokete inaweza kushinda. Hesabu njo inaamua, si sifa.

Jambo moja la kuogopa: zile sashe ndogo za pima-pima zinazouzwa wazi ku soko. Mufuko ulifunguliwa lini? Ulikaa ku jua siku ngapi? Etiketi yake iko wapi? Mafuta ya krokete yanaharibika upesi mu joto na hewa. Kama munanunua ile, mulipa bei ya krokete lakini hamujui munampa mbwa nini.

Vitu vyenye kuua

Hii orodha tuliomba banamama waibandike ku ukuta wa jikoni. Kitunguu na kitunguu saumu, vibichi ao vilivyopikwa, vinavunja damu ya mbwa kidogo kidogo; mabaki ya supu yenye vitunguu vingi si chakula chake. Shokola inapiga roho yake. Zabibu zinaharibu mafigo. Bonbon na shingamu zisizo na sukari, zenye kutiwa zilitoli, zinaweza kumuua mu saa chache. Lutuku, pombe na munkoyo iliyokomaa, hapana kabisa. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka sawa sindano na kutoboa matumbo. Na mbwa aliyekula panya aliyekufa kwa dawa ya panya anakufa na dawa ileile.

Kisha kuna mazoea mabaya tunayoyaona mu makambi. Wengine wanampa mbwa pilipili, bangi ao lutuku ili awe mukali. Wengine wanamushindisha njaa kwa makusudi, wanasema: « Imbwa ikishiba inalala, haikamate mwizi. » Tuongee wazi. Pilipili inamuunguza tumbo. Bangi ni sumu kwake. Na mbwa mwenye njaa njo wa kwanza kununuliwa: mwizi anakuja na kipande cha mukate, askari wako anatikisa mukia. Tena mbwa asiyekula nyumbani anatoka nje usiku kutafuta, na lupango inabaki bila mulinzi saa ile ile tunamuhitaji.

Ule mufuko wa unga

Sasa tunafika ku neno lenye kutuumiza. Nyumba nyingi, unga ukipata ukungu ao harufu, mama anasema: « Hii haifae tena kwa watoto, tutapikia imbwa. » Njo vile wengi wanafanyaka, kwa roho nzuri ya kutotupa chakula. Lakini ule ukungu unatengeneza sumu inayoitwa aflatoksini, na mbwa njo mumoja wa wanyama wanaoumizwa nayo upesi sana. Inaua ini. Mbwa anakataa kula, anatapika, macho na ufizi vinakuwa manjano, anakufa. Kupika hakuondoi sumu. Kuanika ku jua kisha kuchekecha hakuiondoi. Mu mwaka 2005, kule Marekani, mbwa wengi walikufa kwa krokete zilizotengenezwa na mahindi yenye sumu hiyo.

Na watu? Mu mwaka 2004, Kenya ya mashariki, watu 125 walikufa kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa vibaya. Na yule asiyekufa mara moja, akiila kidogo kidogo kwa miaka, ini lake liko mu hatari ya kansa, zaidi kama ana hepatiti B.

Kwa hiyo mbwa akianza kukataa bukari aliyokuwa anakula kila siku, ao akiwa na macho ya manjano, usimpige. Nenda ukafungue mufuko. Nusa unga, ungalie rangi, uliza umetoka wapi na umekaa siku ngapi. Unga wenye ukungu si wa mbwa, si wa kuku, si wa munkoyo. Ni wa kutupa.

Hapa sendika iko na neno lake. Wazee wetu wa Union Minière walipata posho ya chakula toka kampuni, na kisha 1967, wakati wa Gécamines, mufuko wa unga ulibakia sehemu ya maisha ya mufanyakazi. Leo wengi wetu, zaidi wale wa su-tretansi, tunanunua wenyewe meka kwa meka, na unga mwingi unatoka Zambia kupitia Kasumbalesa. Njia ikifungwa bei inapanda, na bei ikipanda, ule unga wa zamani uliofichwa mu depo njo unatoka. Kampuni inayotoa unga ku wafanyakazi, mapokezi yake yachunguzwe na delege: mufuko ukavu, tarehe inaonekana, hakuna donge wala rangi ya kijani. Delege anayesaini karatasi bila kufungua mufuko hajafanya kazi yake.

Bidoni na mifuko ya mine

Neno lingine linalotuhusu sisi wa mine. Tunaona bidoni zilizokatwa katikati kuwa sahani ya mbwa na ya kuku. Bidoni hiyo ilibeba nini? Asidi? Zantati ya kuoshea mawe? Kuisuguza na mchanga hakutoshi. Na ile mifuko ya nitrati ya baruti, isiwekwe mahindi ndani hata siku moja, ya watu ao ya mbwa. Sahani ya mbwa iwe sufuria ya zamani ya nyumbani, basi.

Na maji pia. Mu mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wale wa Ubelgiji walitoa hesabu: wakaaji wa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha mawe mu Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana mu mikojo, na watoto walizidi wakubwa. Ile vumbi inatua ku majani, ku maji ya mufereji, ku manyoya ya mbwa anayejilamba. Basi mupatie maji mnayokunywa ninyi, si ya mufereji wa ku kuosha mawe. Na watoto wanawe mikono kisha kucheza naye.

Nani anamulisha, na kwa pesa gani

Hatuwezi kumwambia mutu anyime mutoto ili alishe mbwa. Mutoto kwanza, hiyo haina mashindano. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, hesabu ifanywe kabla ya kuleta mbwa ku lupango, si kisha. Nyumba yenye kuweza kulisha mbwa mumoja isilee wanne. Mbwa mumoja aliyeshiba, aliyechanjwa, anayejua lupango yake, analinda kuliko wanne wenye kuhangaika ku barabara. Majirani wawili wenye malango ya kutazamana wanaweza kulea mumoja pamoja.

Chanjo ya kichaa inaanza ku miezi 3 na inarudiwa kila mwaka. Ni sehemu ya garama ya mbwa, sawa unga. Na mutu akiumwa, asafishe kidonda na maji na sabuni dakika 15, papo hapo, kisha akimbie ku hospitali siku ileile. Asingoje kuona kama mbwa atakufa.

Mwisho, muchague mutu mumoja mu nyumba wa kumulisha, saa moja kila siku. Akipewa mutoto mukubwa kazi hiyo, atajifunza kuangalia: mbwa amekula yote? ameacha? mavi yake yako namna gani? manyoya yanang'aa? Mbavu za mbwa mwenye kulishwa muzuri zinasikika chini ya mukono, lakini hazionekani toka mbali. Zikionekana, ongeza samaki. Zisiposikika, punguza bukari. Na kila mara munapofungua mufuko mupya, nuseni kwanza, kwa ajili ya wote wanaokula mu chungu kile.